Kocha wa Mpira, Mawe ya Shinkolobwe na Mji wa Hiroshima

Makala hii imezaliwa na swali nililoulizwa Likasi, kwenye uwanja wa vumbi wa komini ya Kikula. Aliyeuliza ni mzee mmoja anayefundisha watoto wa mtaa mpira wa miguu, jioni tatu kwa juma, bila mshahara. Sote tunamwita Papa Kocha, na ameniomba nisiandike jina lake. Nilikwenda kumwalika katika warsha yetu juu ya historia ya Shinkolobwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapuliza filimbi, akawaambia watoto wapumzike, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huko mawe yetu yalikoua watu, vijana wao siku hizi wanacheza nini?"

Nilidhani ni mzaha. Lakini alikuwa anangoja jibu, na mimi sikuwa nalo, ijapokuwa nimesoma chuo kikuu na kazi yangu ni kuzunguka mitaani nikizungumza na watu habari za amani. Nilimwahidi kwamba nitatafuta. Haya ndiyo niliyoyapata, na naona yanawafaa wote wanaofanya kazi na vijana katika sehemu zilizoumizwa.

Kwanza, kwa wasomaji walio mbali. Shinkolobwe ni mahali pa mgodi karibu na mji wa Likasi, Katanga ya Juu. Madini ya urani yaligunduliwa pale mwaka 1915, na kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ilianza kuchimba mwaka 1921. Wakati ule walichotaka ni radiamu ya kutengenezea dawa, na urani yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Vita Kuu ya Pili ilibadili mambo. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, aliamuru tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo zipelekwe New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapa kwetu. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa katika mji ule mmoja.

Mgodi ulifungwa karibu na uhuru, mwaka 1960, na mashimo yakazibwa kwa saruji. Gécamines ilipoanguka, miaka ya 1990, watu walirudi kwa koleo na sululu. Walichotafuta ni kobalti. Kijiji kizima kilisimama pale, chenye soko na maduka ya vinywaji. Januari 2004 amri ya Rais ilipiga marufuku uchimbaji, lakini uliendelea. Julai mwaka uleule sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Mwezi uliofuata kijiji kilibomolewa na wakaaji wakatawanyika. Wengi walikuja Likasi na vitongoji vyake, na baadhi ya watoto wa Papa Kocha ni watoto wa watu hao.

Sasa jibu la swali lake. Huko Hiroshima wanacheza besiboli, mchezo ambao hapa hatuuchezi kabisa, kwa hiyo inabidi niueleze kidogo.

Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji tisa. Mmoja wa timu ya kwanza anarusha mpira mdogo, mgumu kama ndimu mbichi, na mmoja wa timu ya pili anasimama na gongo kujaribu kuupiga. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vitatu na kurudi nyumbani, mahali alipoanzia. Akirudi salama, timu yake imepata pointi. Wapinzani, wenye glavu kubwa za ngozi, wanajitahidi kuudaka mpira na kumwahi kabla hajagusa kituo. Wakitolewa wapigaji watatu, timu zinabadilishana kazi. Hakuna saa: mchezo unakwisha zamu zikishakwisha, na kwa watu wazima zamu ni tisa.

Nilipomwelezea Papa Kocha, hayo ya gongo na glavu aliyapita haraka. Alisimama kwenye jambo moja: kila aliye katika orodha ya wapigaji lazima apige, kwa zamu, hata aliye dhaifu kuliko wote. Huwezi kumpa fundi wako mpira kila mara kama tunavyofanya sisi. Tena kuna wakati mpigaji anaugusa mpira taratibu tu kwa makusudi, yeye mwenyewe anatolewa, ili mwenzake aliye kituoni asogee mbele. Jambo hilo linaandikwa katika hesabu za mchezo kwa heshima. "Hao wanaandika hata pasi ya mwisho," alisema. Si sawasawa, lakini alikuwa karibu.

Besiboli iliingia Japani katika miaka ya 1870 kwa mwalimu Mmarekani, ikaenea mashuleni. Mashindano makubwa ya shule za sekondari yalianza mwaka 1915, mwaka uleule urani yetu ilipogunduliwa. Tangu mwaka 1924 yanachezwa katika uwanja uitwao Koshien. Wanafunzi walioshindwa huinama wakachota udongo wa uwanja ule, wakautia katika mfuko na kwenda nao nyumbani, wengine huku wanalia. Mtu wa Likasi akisoma habari hiyo lazima atulie kidogo. Sisi kila mara tunawaambia watoto wasichukue udongo wa Shinkolobwe.

Shule iliyoshinda Koshien mwaka ule wa 1924 ilikuwa Shule ya Biashara ya Hiroshima. Kocha wake aliitwa Shuichi Ishimoto, mzaliwa wa mji uleule, aliyezaliwa mwaka 1897. Alikuwa mwanafunzi wa zamani wa shule hiyo, na kwa muda alifanya kazi ya uandishi wa gazeti. Chini yake shule ilishinda tena mwaka 1929 na 1930. Alikuwa mkali sana. Inasimuliwa Japani kwamba aliwasimamisha wachezaji, miguu mitupu, juu ya makali ya upanga ili wajifunze kutuliza moyo. Hilo sisi hatulifundishi, na kamati yetu ya ulinzi wa mtoto ingenifukuza siku hiyohiyo.

Halafu ikaja vita. Hata maneno ya Kiingereza ya mchezo yalitupwa, mwamuzi akalazimika kutumia maneno ya Kijapani, na mashindano ya shule yakasimama. Mwaka 1945 likaja bomu. Mashindano yalirudi Agosti 1946, mwaka mmoja tu baada ya bomu, nchi ikiwa na njaa.

Mwisho wa mwaka 1949 watu wa Hiroshima waliamua kuunda timu yao ya kulipwa, wakaiita Carp, jina la samaki wa mtoni. Timu nyingi nyingine za Japani zilikuwa mali ya magazeti au kampuni za reli, lakini hii haikuwa na tajiri nyuma yake. Walimwomba Ishimoto, akiwa na miaka zaidi ya 50, awe kocha wa kwanza. Msimu wa 1950 ulikuwa wa aibu kama mtu anahesabu magoli tu: walishinda mechi 41 na kufungwa 96, wakawa wa mwisho kati ya timu 8. Mishahara ilichelewa miezi na miezi.

Mapema mwaka 1951 wakubwa wa timu walikaa kuzungumza juu ya kuivunja au kuiunganisha na timu ya mji mwingine. Ishimoto alikataa. Alianza kuzunguka katika jimbo lote, viwandani, mashuleni na vijijini, akihutubia na kuunda vikundi vya mashabiki vya kuchanga pesa. Kazi ya kuongoza mechi aliiacha mara nyingi kwa msaidizi wake, na yeye akageuka mwombaji. Kwenye mlango wa uwanja waliweka mapipa ya mbao, yale ya pombe ya mchele, na watu wakiingia walitupa humo walichokuwa nacho. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu bomu. Wengi wa waliotoa walikuwa wamepoteza nyumba na ndugu, na mji wenyewe ulikuwa bado umejaa vibanda.

Timu haikufa. Mwaka 1957 ulifunguliwa uwanja mpya, ng'ambo ya barabara tu na lile jengo lenye kuba lililoachwa limevunjika kama ukumbusho wa bomu. Carp waliendelea kufungwa kwa miaka mingi. Ubingwa wao wa kwanza waliupata mwaka 1975, miaka 30 baada ya bomu. Ishimoto, aliyekufa mwaka 1982, aliuona kwa macho yake.

Nimeikaza habari hii kwa sababu mara nyingi katika mikutano yetu tunazungumza kama kwamba amani inaanza siku ya kusameheana. Sijasoma mahali popote kwamba Ishimoto alikuwa mhubiri wa msamaha. Alikuwa kocha aliyetaka timu isife. Lakini mtu wa kiwandani na mwalimu na mama wa sokoni, waliokuwa kila mmoja na maiti wake wa kulilia, walipata kitu kimoja cha kugombania pamoja, tena mchezo wenyewe ulitoka katika nchi iliyowapiga bomu. Hawakuutupa. Sijui kama sisi tungeweza.

Papa Kocha akaniuliza kama Wajapani hao waliwahi kuja Afrika na mchezo wao. Wamekuja, na hawakufika mbali na sisi.

Shinya Tomonari alicheza besiboli katika Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, kisha akaajiriwa na JICA, shirika la serikali ya Japani la maendeleo. Kazi yake ilikuwa ya ofisini. Alipopelekwa Ghana, katika miaka ya 1990, akawa kocha wa timu ya taifa ya besiboli ya nchi ile, kwa mapenzi tu, baada ya saa za kazi. Mwaka 2012 alikuwa Dar es Salaam, akaanza upya kabisa, na shule za sekondari za Azania na Kibasila zikawa miongoni mwa za kwanza. Wanafunzi wengi hawakuwa wamewahi kuona gongo wala glavu. Baadaye yakaanzishwa mashindano ya kitaifa yaliyopewa jina la Koshien, na mwaka 2018 ukafunguliwa uwanja wa besiboli pale Azania.

Mwaka huohuo wa 2018 Tomonari alihamia Juba, Sudan Kusini, nchi iliyokuwa vitani tangu Desemba 2013. Mapatano mapya ya amani yalitiwa sahihi Septemba mwaka ule. Siku za mapumziko alitoka na mipira na glavu, akaanza na watoto wachache. Alifundisha kwa maneno matatu: nidhamu, heshima, haki. Wachezaji wanajipanga mistari miwili kabla ya mechi na baada ya mechi, wanatazamana, wanainamiana vichwa. Mtu anaweza kucheka, akasema kuinama hakuzuii risasi. Ni kweli. Lakini kijana ambaye tangu utoto hajawahi kumtazama mtu wa kabila la pili usoni ila kwa hasira, hapo anatazama, mara mbili kwa kila mechi, na mwamuzi anamngoja mpaka atazame.

Wasiwasi wangu ni vifaa. Glavu za Juba na Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni misaada kutoka Japani. Mpira wa miguu unaweza kutengenezwa kwa mifuko ya plastiki na kamba, lakini glavu ya ngozi haitengenezwi jikoni. Kwa hiyo kama kuna mfadhili anayesoma hapa na ameanza kufikiria makontena ya magongo kwa ajili ya Likasi, namwomba atulie. Huku kila mtoto anaota kuvaa jezi ya Mazembe, na hilo linatosha.

Jirani zetu wa Uganda wana fundisho la namna nyingine. Mwaka 2011 timu yao ya watoto ilishinda mashindano ya kanda huko Poland na kupata nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya watoto Marekani, ya kwanza kwa Afrika. Hawakwenda. Walinyimwa viza kwa sababu karatasi za umri wa baadhi ya watoto hazikulingana. Timu ya Langley, Kanada, iliyokuwa ipangwe nao, ilisafiri mpaka Uganda Januari 2012 ili mechi ile ichezwe, na Waganda wakashinda 2 kwa 1. Agosti mwaka huo timu nyingine, ya mji mdogo wa Lugazi, ilifika Marekani ikiwa na karatasi kamili, na kabla ya kurudi ikawafunga watoto wa Oregon 3 kwa 2. Tangu nisome habari hiyo nimeanza kuwauliza makocha wetu: watoto wako wangapi wana cheti cha kuzaliwa? Wanacheka kwanza. Kisha wanahesabu kwa vidole, na vidole vinabaki vingi. Mtoto aliyezaliwa katika kijiji ambacho serikali ilikibomoa, nani alimwandika?

Nirudi Likasi, maana hapa ndipo kazi yetu ilipo.

Wasomaji wa umri fulani wanakumbuka mwaka 1992. Agosti ya mwaka ule, katika Kongamano Kuu la Taifa, Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Kwetu maneno ya wanasiasa yaligeuka mawe, panga na moto. Watu wenye asili ya Kasai, ambao baba zao waliletwa kufanya kazi ya reli na migodi na ambao wenyewe walizaliwa hapahapa, walifukuzwa majumbani. Maelfu walilala kwa miezi mingi kwenye stesheni ya treni na mashuleni, wengi wakafa kwa magonjwa na njaa wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, mahali ambapo wengine hawajawahi kukanyaga. Mimi nilikuwa mtoto mchanga na niliyajua hayo kwa kuambiwa.

Papa Kocha alikuwa na timu wakati huo. Aliniambia kwa kifupi sana: "Mwaka 1993 nilipoteza golikipa na mabeki wawili. Hawakuumia mguu. Walipanda treni." Ananionyesha daftari la zamani, jalada limeliwa na panya, lenye majina ya timu ile kwa nafasi za uwanjani. Majina matatu hakuyafuta wala kuyaandikia juu. Aliacha nafasi ile ya golikipa msimu mzima akichezesha winga golini, na walifungwa ovyo. Niliuliza kwa nini hakutafuta golikipa mwingine. Alijibu kwamba vijana walioletwa kwake walikuwa wanakuja na chama nyuma yao, na hakuwataka.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kocha wa mtaa kwa upande wa amani, pengine zaidi kuliko katika vitabu vyote nilivyosoma. Vijana waliochoma nyumba hawakutoka mbinguni. Walikuwa makundi yaliyokwisha kukusanyika, yenye mkubwa wao, yanayojua kupokea amri, na mtu mwenye pesa na gari alikuja kuyaazima. Timu ya mpira ni kundi la namna hiyohiyo: vijana kumi na tano, nguvu nyingi, kazi hakuna. Tofauti yote iko kwa yule anayepuliza filimbi. Akikubali jezi za mwanasiasa wakati wa uchaguzi, timu imekwisha kuazimwa. Papa Kocha amekataa jezi mara tatu kwa hesabu yake, na wazazi wamemgombeza, kwa sababu watoto walicheza na mashati yaliyochanika.

Lazima niseme na upande wetu, mashirika. Warsha yetu ya siku tatu ina chai, mkate, posho ya usafiri na karatasi ya mahudhurio ya kupeleka kwa wafadhili. Kocha hana karatasi ya mahudhurio. Anajua tu kwamba fulani hajaja tangu Jumanne, na jioni anakwenda kwao kuuliza, na huko anakuta kijana amerudi mgodini kwa siri. Mwaka mmoja niliandika katika ripoti kwamba tuwanunulie makocha mipira na pampu badala ya warsha moja. Pendekezo lilirudi na alama ya kuuliza pembeni: matokeo yatapimwaje? Silaumu aliyeuliza, naye ana mkubwa wake. Lakini swali lile bado liko mezani kwangu, na Hiroshima walingoja ubingwa miaka 25 tangu timu ilipoanza.

Nilipomaliza kumsimulia Papa Kocha yote, hakusema neno juu ya bomu. Alitaka kujua juu ya yale mapipa: yalikuwa makubwa kiasi gani, nani alihesabu pesa, na kama Ishimoto mwenyewe alishika. Nikamwambia ninachojua. Jumapili iliyofuata, kwenye mechi dhidi ya watoto wa Panda, nilikuta ndoo ya plastiki ya buluu imewekwa kwenye njia ya kuingilia, na mama wawili wameketi kwenye viti kando yake, mmoja Mluba wa Kasai na mmoja Msanga, kila mmoja na kalamu. Mpaka mwisho wa mechi ilipatikana pesa ya mipira miwili. Pampu bado.